Jicho Zima Ndilo Linalozibwa

6 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za cherehani pia, maana nimeisimamisha ili nikuandikie. Mimi sijambo, mgongo tu ndio una maneno yake. Mwanao mdadisi hajambo, anakula, anauliza, anauliza tena.

Hospitali tulikwenda kama ulivyoagiza, ingawa nilikwambia makengeza ya mtoto wa miaka mitano yatakwisha akikua. Daktari wa macho kampa miwani, na plasta za kuziba jicho moja kwa muda wa saa mbili kila siku. Plasta zenyewe hazipendezi, nikazishonea vifuniko vya maua. Siku ya kwanza alilia, akaigonga meza yangu ya kukatia vitambaa, akamwaga vifungo vyote. Nikaona hapa pana kosa. Nani hufunga bendeji mguu mzima akauacha uliovunjika? Nikaihamishia plasta kwenye jicho lililopinda. Tangu hapo ni raha mustarehe, halii wala hajikwai, wiki ya saba hii. Na makengeza saa zile hayaonekani kabisa, majirani wanamsifu.

Kwa hiyo fanya kazi yako kwa amani.

Mama yako

20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia. Mwili wangu mzima, ila barua yako niliisoma nimesimama na kuketi kukanishinda.

Mama, rudisha plasta kwenye jicho zuri, leo hii. Nimemuuliza daktari wa huku, akanieleza taratibu. Macho yakitazama pande mbili, ubongo wa mtoto hupokea picha mbili, na ili usichanganyikiwe huipuuza ile ya jicho lililopinda. Jicho likikosa kazi halijifunzi kuona. Ukiliziba lile zuri, lile vivu halina budi kuamka. Ndiyo maana alilia siku ile: alikuwa haoni. Na dawa hii hufaa zaidi utotoni. Samaki mkunje angali mbichi, wewe ndiye uliyenifunza.

Sasa nikwambie nililokuficha. Jicho langu la kushoto halikupinda tu, Mama. Halioni. Nikiliziba la kulia, uso wa mtu aliye mbele yangu huwa ukungu. Mwaka jana hapa ghalani ninapofanya kazi niliomba kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Walinipima macho, wakanirudisha kwenye kubeba maboksi. Nilipokuwa mdogo ulisema litanyooka lenyewe, nami sikulaumu, nani angekwambia? Lakini huyu tumeambiwa.

Mwanao

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama maneno yangu yalikuumiza, niadhibu kwa jambo jingine, si kwa kunyamaza. Plasta iko kwenye jicho gani? Niambie hilo tu.

Mwanao

11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba za barua zote nilizozikalia. Hatujambo, tena leo hatujambo sana.

Nilinyamaza kwa aibu, si kwa hasira. Tangu utotoni nimekushonea magauni, nikakupima mabega na kiuno, jicho nisilipime. Nisamehe. Nikaapa sitakuandikia mpaka niwe na la kukwambia.

Siku ile ile nilipopata barua yako niliihamisha plasta, kesho yake nikaenda kuungama kwa daktari. Hakunigombeza, aliongeza muda tu, ukawa saa sita. Mwanangu, ilikuwa vita. Nilimpa kazi ya kutenga vifungo vikubwa na vidogo, na wiki za kwanza alitenga kwa kupapasa, nami nikijifuta machozi kwa vipande vya bitana. Mara tatu alizitumbukiza plasta kwenye ndoo ya maji. Mwishowe nikajiziba na mimi jicho moja, tukakaa chongo wawili, wateja wakacheka. Sketi moja niliikata fupi upande mmoja. Mwenyewe kaipenda, kasema ndio mtindo.

Leo tulikwenda kupimwa. Makengeza bado yapo kidogo, miwani imeyapunguza, na huenda baadaye akafanyiwa upasuaji wa kuyanyoosha. Lakini kuona ndiko kulikonikosesha usingizi. Daktari akaliziba jicho zuri, akawasha ubao wenye alama zinazoelekea huku na kule. Mara ya kwanza kabisa aliiona ile kubwa ya juu peke yake. Leo alinyoosha kidole: juu, kushoto, chini. Mstari wa tatu, wa nne, wa tano. Wa sita alikosea alama moja, akabishana na daktari kwamba ubao ndio umekosea.

Daktari akamwambia basi atazame popote chumbani aseme anachokiona. Akanigeukia mimi niliyekaa mlangoni, hatua sita kutoka kwake, kwa jicho lile lile ambalo nusura nilipoteze kwa mikono yangu.

"Namwona Bibi," akasema. "Analia, lakini meno yote yako nje."

Mama yako