Mustari ya Brigitte mu Shamba ya Masomo

Brigitte mutoto yangu,

Bon, ile maharagi imeota. Imeota kupita mistari ya bantu bote, na ku kichwa ya mustari mutoto wako Elodie alisimamisha kijiti, akaandika jina yako na makala. Nitakuelezea kwa nini jina yako iko huku Ntoto na wewe mwenyewe uko Sake, lakini Chantal, njo yeye anaandika hii barua, ananiambia nikusalimie kwanza, ati barua bila salamu ni kuingia ku nyumba ya bantu bila hodi.

Jambo sana, mama. Uko namna gani? Batoto badogo beko namna gani? Yule wa kukohoa alipona? Na mugongo yako? Samaki ya sambaza iko napatikana ku ziwa, ao bavuvi bangali banarudia na nyavu kavu? Siye huku tuko. Mvua iko, panya beko, magoti yangu inalia kila nikiinama, lakini ninakula na ninalala, Mungu asifiwe. Mbuzi yako ilizaa mapacha. Moja ilikufa, sitakuficha.

Chantal unamukumbuka, yule mutoto wa marehemu fundi wa viti, mwenye funza zilimulaka miguu mpaka akatembea na visigino. Leo ni mwalimu wa biologie ku institut, sekondari yetu! Mutoto ya kwanza ya bourse, masomo yenye kijiji inalipa, njo yeye. Siku diplome yake ilitoka, tulimumwangia ku kichwa poudre yote ya duka ya kushangilia, akalia, poudre ikageuka bugali ku mashavu. Tukamutuma Goma miaka tatu. Siye tukasema, huyu basi, tumemupoteza, atapata bwana mwenye gari. Kumbe akarudia, ku pikipiki, matope mpaka ku nywele, na kartoni ya vitabu ku magoti. Sasa ananiambia nipunguze kumusifu, anaona haya ya kujiandika yeye mwenyewe. Andika, Chantal. Nani anasema, mimi ao wewe?

Ungeona ile institut, Brigitte. Bantu ya mujini bangecheka: madarasa sita tu, kuta ya udongo, tole ya mabati yenye matundu, na darasa ya bio-chimie haina mulango. Lakini Prefe Albert, mukubwa wa masomo! Siku tulikimbia vita mara ya mwisho, kila muntu alibeba godoro, sufuria, kuku. Prefe Albert alibeba registre, chaki na palmares, ile orodha ya points ya batoto, ku kichwa, akaacha godoro ya bibi yake. Bibi yake alimutukana njia yote mpaka tukafika mu pori: Albert, ulinioa mimi ao ulioa palmares? Na yeye anaitika tu, ndiyo mama, ndiyo mama, bila kutua muzigo. Mule mu pori akafundisha batoto ya sixième, darasa ya mwisho, wiki tano, bamekaa ku majani ya migomba. Kumi na mumoja bakafanya Exetat, ile examen ya diplome, tisa bakapita. Mimi sikusoma hata a, lakini najua muntu mwenye kazi yake nikimuona.

Na bourse yenyewe, hakuna muzungu ndani, hakuna ONG ya misaada. Ni mikono. Iko shamba ku mutelemuko nyuma ya institut, tunaiita shamba ya masomo. Kila nyumba inatoa siku moja ya salongo, kazi ya bote pamoja, kila mwezi, chenye kinavunwa kinalipa minerval, feza ya masomo, ya mutoto mwenye amechaguliwa, mpaka diplome, na kisha masomo ya kazi. Yeye atarudia kututumikia miaka tatu. Bamama benye hawana hata mutoto mumoja ku masomo banakuya na jembe. Mama Uwizeye batoto yake bote bako Kisangani, hajakosa hata salongo moja. Nilimuuliza unalimia nani? Akanijibu: ninalimia daktari mwenye atanichoma shindano siku yangu ya mwisho, nataka akuwe anajua kusoma chupa.

Sasa sikia vile banachagua. Points peke yake haitoshe. Mutoto anapita ku examen ya bakoko, babu na bibi ya kijiji. Banaketisha bazee na bamama benye hawakusoma, na mutoto anabaelezea kitu moja yenye alisoma, na luga yetu, mpaka baelewe. Kama bakoko hawakuelewa, prefe anasema mutoto hakuelewa vilevile. Njo mawazo hiyo, mama, sijue nani aliileta, lakini inanipendezaka kupita misa.

Mwaka huu balibakia babili, Elodie yako na Noël, mutoto ya mujane Muhawenimana. Mimi ni koko ku ile examen kila mwaka, lakini juu ya mujukuu yangu balinifukuza, nikaenda kusimama nyuma ya lupango, ule uzio ya matete, nikatega sikio. Noël alieleza vile mwezi inafunikaka jua. Alieleza vizuri, mutoto ni wa akili, lakini alizungusha machungwa mbili na mukono, akazizungusha tena, mpaka Papa Jean de Dieu akasema wacha, nakuya kutapika.

Elodie hakuleta kitu. Alitelemuka mu shamba, akangoa shina ya maharagi, akabapitishia muzizi. Akauliza, hii tunundu tudogo munaionaka? Bakasema ndiyo, tangu tuzaliwe. Akauliza, munajua ni nini? Bakasema ni ugonjwa. Akasema hapana, bakoko, ni jiko. Mule ndani muko tududu twenye macho yetu haiwezi kuona, tunakamata mu hewa chakula yenye udongo haina, tunapikia maharagi. Na ukivuna, kata shina, usiingoe, sababu jiko inabakia chini na mahindi yenye itafwata itakula. Mama Uwizeye akakamata ule muzizi, akaupasua na ukucha, akakuta ndani mwekundu kama nyama, akasema: miaka makumi sita ninalima maharagi, na hakuna muntu aliniambia iko nanipikia chini ya udongo! Tangu ile siku hapa kwetu hatungoe tena, tunakata. Mutoto wako, Brigitte. Miaka kumi na saba. Nilishika matete na meno nisipige vigelegele.

Elodie akachaguliwa wa kwanza, Noël akabakia wa pili, kama Elodie anaanguka yeye anaingia. Kisha ikabakia ya mustari.

Ya mustari haukuijua, ilianza kisha wewe kuenda. Muzazi wa mutoto anakuya mwenyewe na jembe yake, analima mustari moja mu shamba ya masomo, kutoka juu mpaka chini bila kupumzika, bantu bote banaangalia. Kulima ni kusema: huyu mutoto sitamuita nyumbani, sitamuozesha, mpaka amalize. Siku ya kuvuna, mwenye mustari njo anakata shina ya kwanza, na hapo jina ya mutoto inaingia. Hakuna karatasi. Karatasi tulizipoteza zote tukikimbia. Mustari, bantu bote baliiona na macho.

Muhawenimana alilima yake ya kungojea, jasho mpaka ku kikwembe. Kisha Papa Jean de Dieu, njo président wa comité ya bourse, akaita: mama ya Elodie! Baba yake bantu banajua kaburi kwenye amelala. Mama yake iko wapi?

Nikasimama mimi. Nikasema Brigitte iko Sake, barabara ni mubaya, lakini alinipigia simu, amekubali, amenituma nilime kwa jina yake. Bakaangaliana. Papa Jean de Dieu akasema, koko, na hii magoti? Tutakuzika kati ya mustari na tupande maharagi juu yako. Nikamujibu, basi itazaa sana, mimi niko na mafuta, wewe batapanda juu yako itaota miiba. Bantu bakacheka, mambo ikapita. Nikalima. Ku kati mbingu ikazunguka, nikaona machungwa ya Noël, lakini sikusimama. Elodie alikuwa nyuma yangu anaokota majiwe, na alikuwa analia, nikamuuliza unalia nini, akasema: koko, kumbe mama ananipenda vile. Akakimbia kutafuta kijiti.

Chantal, shika kalamu vizuri, sasa njo tunafika.

Brigitte, ile siku ya mungu, siku ya misa, ulinipigia simu. Ulisema Elodie akuye Sake trimestre ya masomo ikiisha, kazi imekushinda, haiwezekane kubeba basani ya sambaza ku kichwa na mutoto mugonjwa ku mugongo. Mimi nikasema allo, allo, reseau inakata. Haikukata. Nilikusikia vizuri, hata kuku ya jirani yako nilisikia inalia. Nikafinya ile batani ya nyekundu, nikafukia simu mu mutungi ya bunga, na ulipiga mara tatu bunga inatetemeka. Kesho yake njo nikaenda kusema ku comité kwamba umekubali.

Chantal ameacha kuandika. Iko ananiangalia. Na yeye ni muntu wa comité, nilijua hiyo wakati nilimuomba aandike, sikuwa na muntu mwingine wa kumuomba na sikutaka mwingine. Andika, mutoto. Kwa simu ningefinya tena, njo maana natuma barua.

Iko na ingine, ya zamani, na hiyo ni nzito kupita. Wewe unakumbuka mwaka baba yako alianguka ku mungazi, muti ya mawese, ukiwa mu troisième ya sekondari. Hukuuliza hata siku moja kwa nini masomo ilikatika. Unafikiri prefe wa ile wakati alikufukuza juu ya minerval. Hapana. Alikuya hapa ku nyumba, alisema Brigitte ni wa pili mu darasa, atamungojea mwaka mzima. Ni mimi nilimuambia: Brigitte mwenyewe hataki tena, amechoka na vitabu. Nilikuwa nahitaji mikono ya kugeuza baba yako ku kitanda. Nilisema na mdomo yako, na wewe ulikuwa ku kisima unachota mayi. Yule muzee aliweka kofia, akaniambia umusalimie, na mimi hata ile salamu sikukupa.

Niliona kama nikilima mustari ya Elodie nitatengeneza ile kosa ya zamani. Na nililima kweli, hiyo sitajuta. Lakini juzi nikiwa napalilia nikaona: mara ya kwanza nilisema kwa jina yako ili kukutosha ku masomo, mara ya pili nimesema kwa jina yako ili kumuingiza mutoto wako, na mara zote mbili hakuna muntu alikuuliza wewe. Na Muhawenimana anapita pembeni ananisalimia, mustari yake ni ya kweli. Ile siku sikukula.

Basi nakuuliza. Tunavuna siku ya posho, yenye inatangulia siku ya mungu, si hii yenye inakuya, ile ingine. Ukikubali, kuya, ukate shina ya kwanza na mukono yako. Batoto badogo balete bote, yule mugonjwa pia, babakie huku na mimi, nitabachunga mpaka Elodie amalize; Sake utabeba basani peke yake. Hiyo ningekuambia ile siku ya simu, lakini niliogopa ukisikia utasema hapana, na hapana ningeisikia vizuri. Ukikataa, tuma neno na huyu motard mwenye analeta barua, Noël ataingia, na Elodie nitamuleta Sake mimi mwenyewe, nimuelezee njiani kosa ni ya nani. Sitakukasirikia. Ile mustari sitaivuna kwa jina yako tena.

Elodie bado hajui. Leo iko ku interro, mutihani ya chimie.

Nilimuomba Chantal aniambilie comité hii kosa yangu na maneno ya masomo, iwe tamu kidogo. Alikataa. Anasema, koko, mulinifundisha kueleza mpaka bakoko baelewe, sasa eleza. Huyu mutoto! Njo matunda ya bourse, inarudia na kukukanyaga ku kidole.

Salimia mama Francine jirani yako, na kuku yake. Salimia bote ku kanisa. Umuhoza wa pikipiki njo analeta hii, umupe mayi ya kunywa, ametoka mbali. Mimi mama yako Joséphine-Marie, natia kidole hapa chini, Chantal ananisaidia na wino wa bic.

Unasikia, Chantal? Banaita. Leo ni salongo ya kupalilia mara ya mwisho, bantu bote bamefika, hata Muhawenimana namuona na jembe ku bega. Papa Jean de Dieu iko anaita ku mutelemuko: koko, majani inamumeza Brigitte yako, unangoja nini? Acha aite. Chantal, funga barua, umupe Umuhoza mbele hajaenda. Niko nakuya, Papa! Ambia bantu basianze kulima. Bakae chini kwanza, niko na neno.