Shokapu za Gari Jingine

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini waraka huu utakukuta mzima huko kazini, na kwamba goti limepata nafuu. Sisi hatujambo, mama anakusalimu na kukukanya usibebe mizigo.

Gari lako limerudi barabarani baada ya ile ajali. Kama ujuavyo, shokapu za mbele zilikuwa zimekufa, na za toleo hilo hazipatikani tena. Nikapata jozi moja, pamoja na springi zake, kutoka kwenye pikapu iliyokwisha kuwa chuma chakavu. Fundi, rafiki yako wa ujanani, alikataa kuzifunga. Nilimpimia matundu ya boliti: yalilingana barabara. Nikampigia na hesabu ya uzito wa magari yote mawili. Akasema, mbele ya mafundi wenzake, kwamba hata viatu vyetu mimi na yeye vinalingana, lakini yeye hakuna anayemwita msomi. Wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba chuma hakina ukoo, nikaenda kuzifunga mwenyewe uani, mama akiwa kazini. Ziliingia kama zilizozaliwa humo, gari likasimama kifua mbele. Hata leo nashikilia kwamba hesabu yangu ya uzito ilikuwa sahihi.

Kilichoniumbua hakifiki unene wa kidole. Springi zile zinazizidi zako urefu kwa kiasi hicho tu. Zililiinua gari, na paipu ya mpira ya breki ikawa fupi. Fundi asingekosa kuzungusha usukani hadi mwisho na kuitazama kama inavutika. Mimi sikuitazama. Nilipokata kona ya langoni ilichanika, breki zikagoma, nikaishia ukutani.

Nilikuandikia kwamba aliyezifunga ni fundi, nawe ukampiga marufuku kukanyaga kwako. Baba, hakugusa hata boliti moja. Niliona heri upoteze rafiki kuliko ujue kwamba msomi wako amekosea. Ni uongo, na ni wangu peke yangu. Mama nimeshamwambia, jibu lake haliandikiki.

Jana nilikwenda gereji, nikaungama mbele ya mafundi walewale. Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alifuta mikono, akaniuliza kama baba yangu anajua. Nikasema bado. Akasema basi naye bado hajasikia ungamo lolote, akarudi chini ya gari.

Nakuomba umwandikie yeye mwenyewe kumwondolea marufuku, usimtumie salamu kupitia kwangu.

Wasalimie wenzako wote kazini. Ulitunze goti.

Ni mimi mwanao,
Msomi