Klorini Mbili

Moshi, 7 Machi 1971

Kwako ndugu yangu Gatimu,

Ni miaka kumi na minane tangu nichukuliwe hapo Endarasha nikapelekwa kizuizini. Huku mvua imekawia, lakini mimi ni mzima na bado nafundisha.

Mwambie binti yako Wachuka nimesahihisha kazi yake ya kemia. Fomula ya kloridi ya kalisiamu ameandika CaCl, kisha akajitetea: "Baba Mkubwa, si katekista anasema ndoa ni mmoja kwa mmoja?" Nimecheka peke yangu. Kalisiamu hutoa elektroni mbili na kila klorini hupokea moja tu, kwa hiyo klorini ni mbili: CaCl₂. Katekista asiambiwe.

Sasa lile jambo lako. Umeandika: "Wewe mzee, rudi, unangoja nini huko? Shamba ni lako. Watiri naye ameshajua uko hai."

Gatimu, mlipoletewa habari kwamba nimekufa, wazee walikukabidhi mke wangu Watiri kama desturi yetu inavyotaka. Ulimtunza, mkapata watoto. Hukuniibia kitu. Nilipoachiliwa niliyasikia hayo nikiwa Nyeri mjini, kabla sijafika nyumbani, nikapanda basi la kuja huku. Nikija leo, Watiri atalazimika kuchagua mume mbele ya watoto wake, na mmoja wetu ataaibika katika boma la baba yetu.

Shamba ulime. Mweleze Watiri polepole, mkiwa wawili. Mimi sitarudi.

Ndugu yako,
Kahiga