Jani Tamu na Kibakuli cha Magokoro

Nyansiongo, Jumapili mchana

Kwako Bibi, mke wa kwanza wa mjukuu wako,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Ile ganzi imepungua, ama bado unaupiga kwa mwiko ukiamka? Wakesho dadangu, wewe unayemsomea, soma polepole, na usiruke mahali ninapojisifu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ingewafaa watu wa Voi mnaolala na milango wazi.

Ndani ya mfuko kuna pakiti mbili, kubwa na ndogo. Bibi, usifungue hata moja kabla barua haijaisha. Naujua mkono wako.

Nilikuambia nakamua ng'ombe kwa mama mmoja mzee, Magokoro Moraa. Magokoro ndiyo bibi kwa lugha yao. Ana ugonjwa wa sukari kama wewe, na vidonge vyenu vinafanana hadi rangi. Binti yake Kemunto, mwalimu anayekaa Kiogoro, alimletea miche ya jani linaloitwa stevia. Ukilitafuna ni tamu kuliko miwa. Tukapanda nyuma ya jikoni, tukakausha, nikasaga. Kemunto akanionya nitie kiasi cha kushikwa na vidole viwili tu, na mama yake asikose kula akishameza dawa. Nilimwitikia "ndiyo mwalimu", lakini masikio yalikuwa kwa ndama.

Siku ya kwanza nikatia kijiko kizima. Magokoro akatema chai mpaka mlangoni. "Umenipa dawa ya minyoo ya ng'ombe?" Kumbe likizidi ni chungu. Ya pili nikapatia, na uji wa wimbi pia, hata jirani akaja kuonja. Hapo kichwa kikavimba, Bibi, si unanijua. Nikatangaza kwamba nyumba hii haitaki sukari tena. Iliyokuwa kabatini nikampa mchukuzi wa maziwa. Nikaanza msako: nikaipata ndani ya debe la unga, nikaipata chini ya godoro. Akaniita polisi. Akalalamika kwamba wakwe wakija wakapewa chai ya majani, aibu itafika Nyamira kabla ya jioni. Nikamcheka.

Jumanne asubuhi alimeza kidonge, na kabla hajagusa chakula ng'ombe mkubwa akashikwa na uchungu. Ndama alikuja vibaya. Tukakaa zizini hadi saa nne, mimi nikivuta, yeye akinielekeza. Ndama alipotoka nikageuka nijisifu. Nikaona Magokoro ameegemea nguzo, anatetemeka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akaniita kwa jina la marehemu mumewe.

Nikamshika hadi ndani, nikammiminia chai ya jani, nikaizidisha kidogo. Akanywa. "Tamu," akasema, na mikono ikazidi kutetemeka. Nikampa kikombe cha pili. Macho yakaanza kunipita kama hayanioni. Nikampigia Kemunto.

"Umempa nini?"

"Chai tamu, mwalimu. Vikombe viwili."

"Tamu ya nini?"

"Ya lile jani."

"Jani halina sukari, Mwakio. Sukari ya mama imeshuka mwilini. Mpe sukari sasa hivi, maadamu bado anaweza kumeza."

Bibi, ndizi zilizokuwa jikoni zilikuwa mbichi, za kupika. Jirani yuko ng'ambo ya bonde. Na sukari yote ya nyumba ile niliitoa mimi, kwa mikono hii ninayojisifia.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Magokoro, najua umebakisha. Umeficha wapi?" Hata katika hali ile alifunga mdomo. Alidhani bado namsaka. Nikamwambia, "Siichukui. Nakuomba." Akaelekeza kidevu kwenye kabati ya vyombo.

Pale juu pana kibakuli cha jiwe laini la kuchonga kutoka Tabaka, chenye kifuniko, kimefunikwa kitambaa cha kushona. Nakipangusa kila asubuhi. Sikuwahi kukifungua. Kilikuwa kimejaa sukari, aliyowawekea wakwe.

Vijiko viwili vikubwa ndani ya maji, funda kwa funda, nimemshika kichwa. Nilihesabu kila funda. Baada ya muda mikono ikatulia. Neno lake la kwanza: "Umemwaga." Kweli nilikuwa nimemwaga, kwenye kanga yake. Nikampa ugali na maziwa, nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi. Wakesho, hapo ungeweza kuruka.

Kemunto alifika mchana akampeleka zahanati. Wakampunguzia vidonge, kwa sababu tulikata sukari ghafla na dawa ikabaki ile ile. Nilimweleza yote mwenyewe. Hakunifukuza. Alisema nilimsikiliza ndama vizuri, sasa nijifunze kusikiliza watu.

Jani bado tunalitumia kwa chai. Kibakuli nakijaza mimi.

Sasa fungua. Pakiti kubwa ni jani. Waulize kwanza kliniki, kisha utie la vidole viwili, usiwe kama mimi. Pakiti ndogo ni sukari. Hiyo si ya chai. Iweke mahali Wakesho anapajua, ili siku ukianza kutetemeka asitafute.

Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, na shangazi anayeuza mkaa mwambie sijaoa bado. Mama mkubwa wa kwaya aniombee.

Ni mimi mumeo, mkamuaji hodari,
Mwakio

Najua utaionja, Bibi. Onja. Ila vibaki vijiko viwili.