Mifuko ya Askari wa Kirumi

Satwa, Dubai

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limepoa, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kiume, kilio chake kinaishinda cherehani yangu.

Umeniuliza mteja akikukaripia kwa kazi yako ufanyeje. Nitakwambia yaliyonikuta, zamani nilipokuwa bado naweza kutunga uzi sindanoni bila ya miwani.

Alinijia mpishi Mwitaliano wa hoteli moja ya Al Rigga. Kijijini kwao milimani, kila mwaka watu huvaa kama Warumi wa kale wakaandamana kwa ngoma. Akaniagizia kanzu fupi nyekundu za askari. Nikazishona, na kila moja nikaitia mfuko ubavuni, maana mkono wangu haujui kanzu isiyo na mfuko.

"Fundi! Warumi hawakuwa na mifuko!" alifoka.

Kweli, sikuuliza. Lakini ndege yake ilikuwa jioni ile ile, wasaa wa kufumua haukuwepo. Akazibeba kwa hasira, nami nikajua nimempoteza.

Aliporudi alinitupia picha mezani. Askari wamejipanga, kofia za chuma, mkono wa kulia mkuki. Mkono wa kushoto, wote wameutia mfukoni. Nyuma yao milima imejaa theluji.

"Yule aliyevaa kama Kaisari kanuna," akasema. "Naye anataka mfuko."

Basi mteja akikukaripia, nyamaza umsikilize, pengine haki ni yake. Mimi tangu siku ile, kabla sijashika mkasi, humuuliza mteja: huko itakakovaliwa kuna baridi?

Babu yako