Mkono Ulioshikwa na Gavana

Ujiji,
Machi 1973

Dada yangu Mwanvua,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Tabora ukiwa mzima, wewe na wapwa zangu, na ule mgongo umekuacha upate usingizi. Sisi huku mwili ni salama. Moyo wangu ndio si salama.

Unanijua nikikaa kwenye kahawa. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kuvuka ziwa, baraza letu limepata wasikilizaji wapya, na katika Ujiji hii nzima nani anaijua Uingereza kunishinda mimi niliyekaa jikoni kwa Bwana DC, Mwingereza wa zama za ukoloni? Nikawaambia kwamba lodi, cheo cha mabwana wakubwa wa kule, kwa asili ya Kiingereza cha kale ni mlinzi wa mkate, na ledi, mkewe, ni mwenye kukanda unga. Sefu muuza dagaa akasema basi mke wake na maandazi yake naye apigiwe mizinga! Watu wakacheka, na kicheko cha watu kwangu ni ulevi. Nikaongeza kwamba wafalme wa kule zamani waliponya uvimbe wa shingo kwa kugusa tu, mgonjwa akavishwa sarafu, na akiivua ugonjwa humrudia. Hayo Bwana DC aliyasoma kitabuni. Halafu nikasema Gavana alishikana mkono na Malkia, na alipokuja Kigoma akanishika mimi, kwa hiyo baraka yenyewe imo kiganjani mwangu.

Kesho yake akaja Veneranda, mama mkimbizi aliyehifadhiwa mtaa wa Buzebazeba, na bintiye Marcelina, shingo mafundo matupu. Akapiga magoti. Dada, sijawahi kupigiwa magoti na mtu. Nikamgusa mtoto, nikamvisha senti kumi ya zamani, ile ya tundu yenye taji.

Kumbe hospitali walikwisha kumwanzishia sindano. Daktari alisema ni kifua kikuu kilichoingia kwenye tezi, na dawa ikikatizwa mtoto atakufa. Mama ameikatiza. Anasema hawezi kuchanganya mkono wa mfalme na sindano. Sasa fundo moja limepasuka, mtoto hataki chakula, ukimbeba ni kama kapu tupu.

Nimemweleza ukweli. Nimeapa kwamba Gavana hakunishika mkono; siku ile nilikuwa nyuma ya jiko nanyonyoa kuku, na alipopita nikajificha kwa aibu ya manyoya yaliyonijaa. Sefu naye akamwambia mimi ni mwongo wa kuzaliwa. Veneranda akatabasamu! Akasema kwao mwami, yaani mfalme, akiwa wa kweli hajitangazi, na wenye wivu humtukana. Kadiri ninavyokana ndivyo anavyoamini. Nilipotaka kuivua ile senti, alilia kwamba namnyang'anya mtoto uhai.

Mwisho akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja, maana huyo ndiye anayemjua mtu.

Wewe ulikuwepo siku ile ya Gavana, ukimenya ndizi ubavuni kwangu. Panda treni, dada. Njoo na huo mdomo wako ninaoukimbia tangu utotoni. Simama mbele yake na mbele ya kahawa nzima, useme mimi ni nani: mwosha masufuria, niliyekojoa kitandani mpaka siku za jando. Usinisitiri hata kidogo. Niaibishe mpaka anitemee mate, ambebe mtoto ampeleke hospitali.

Wapwa nawasalimu mmoja mmoja. Usinijibu kwa barua. Njoo mwenyewe, Marcelina angali anapumua.

Mdogo wako anayekungoja stesheni,
Nuhu