Klasi za Meli za Angani na Kaburi la Baba

Quitunda, Palma
14 Agosti 2019

Mpendwa mdogo wangu Latifo,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nampula, unakula vizuri na kazi inakwenda. Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua, lakini sala haimpiti. Nyumba tuliyopewa ni ya matofali, mlango unafungwa vizuri, ila bahari imekuwa mbali. Nimeandika kwa karatasi na kumpa Abudo anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi, kwa sababu nikipiga simu Mama hukaa ubavuni kwangu, na haya sitaki ayasikie.

Nianze na meli zako. Nadia, binti wa mjomba, naye yumo kwenye kundi lenu la simu, akanisomea mnayoandikiana. Nilidhani mnabishana juu ya meli za kampuni ya gesi zinazotia nanga hapa Palma. Hapo ningewaelewa, maana ni gesi hiyo iliyotuhamisha. Kumbe ni meli za angani, za kwenye filamu ya mfululizo, ambazo hakuna aliyezipanda wala atakayezipanda!

Na ubishi wenyewe sasa! Eti chombo kile chenye mabawa manne kiitwe klasi ya Zoramu au klasi ya Ventari. Wewe unasema klasi, yaani aina ya meli, hupewa jina la meli ya kwanza kuundwa, na Zoramu ndiyo iliyotangulia kuundwa. Mwenzako Clésio anasema watazamaji waliiona Ventari kwanza, kwa hiyo jina ni lake. Akatokea mwingine na picha ya boksi la meli ya kuchezea, limeandikwa jina la tatu kabisa, mkamrukia kama mwizi wa kuku. Watu wazima, wenye ndevu! Mmoja alijitoa kwenye kundi kwa hasira, akarudi baada ya robo saa. Nilicheka mpaka Nadia akaninunia, kwa kuwa na yeye ni wa Ventari.

Kama ingekuwa upuuzi tu, nisingepoteza wino wangu. Lakini Nadia alinisomea na tarehe. Zilikuwa siku tatu zile zile za makaburi.

Watu wa kampuni ya gesi walikuja kuhamisha makaburi ya kijiji chetu cha zamani, mashehe wakiwa wameridhia, na kila familia ilitakiwa ionyeshe la kwake. Unajua sisi wanawake hatuendi kuzika. Baba alipofariki mwaka ule wa kipindupindu, wewe ndiye uliyeshuka kaburini kumpokea. Mjomba Abdurremane keshatangulia mbele ya haki, na wengine walizika watu wengi mno siku zile, hawakumbuki nani yuko wapi. Majina hayakuandikwa, ni mawe tu. Tulikuwa tumebaki na wewe tu.

Nilikupigia mara kumi na moja. Ulipokea mara moja ukasema, "Espera, ngoja dada, tuko kwenye debate, nitakupigia." Hukupiga. Siku hiyo hiyo uliandika jumbe arubaini na mbili juu ya Zoramu, ukiwadai wenzako ushahidi wa dakika na sekunde. Dakika na sekunde, Latifo! Kichwa chako kinahifadhi takataka zote za mbinguni, na dada yako anakungoja na simu mkononi kama ombaomba.

Siku ya tatu tulikuwa tumebaki sisi tu. Mama akaniuliza, "Latifo kasemaje?" Nikamwambia kasema mstari wa pili, la tatu kutoka kwenye mkorosho. Niliyatunga papo hapo. Nikaenda mwenyewe, mwanamke kati ya wanaume, nikalionyesha kwa kidole. Wakachimba, wakaivisha mifupa sanda mpya, wakaizika huku kwa dua. Yale ambayo hayakudaiwa na mtu waliyahamisha baadaye na kuyaweka pamoja, kama ya watu wasio na wenyewe.

Kwa hiyo sijui tumemzika nani, mdogo wangu. Huenda ni Baba. Huenda ni baba wa watu, na wetu yuko kule na wasio na wenyewe, hali ana watoto wawili hai. Nilikuchukia wiki nzima, nakwambia wazi. Nilijichukia mimi zaidi, maana uongo ni wangu. Kumweleza Mama siwezi, na wala usithubutu.

Nisalimie mkeo Laila, na mbusu mwanao Tarique. Joana jirani na Mamudo wa dukani wanakusalimu. Mungu akulinde na akurudishe nyumbani ungali na akili zako.

Mama naye anakusalimu sana. Kila Ijumaa namsindikiza pembeni mwa makaburi mapya, anamwombea yule aliyelala pale, kisha anakuombea wewe. Anasema Mungu amzidishie Latifo kumbukumbu, maana bila yeye tusingempata baba yenu.

Dada yako, ambaye bado anakupenda,
Cadija